Picha Iliyofungwa: Kwa Nini King'amuzi Kimoja Hakitoshi Televisheni Tatu

Jumamosi jioni, mpira umeanza. Sebuleni picha ni safi kabisa. Chumbani kuna televisheni ya pili iliyoungwa kwenye king'amuzi hicho hicho kwa waya mpya wa HDMI uliopitishwa darini, na hiyo ni nyeusi. Wakati mwingine inawaka kwa sekunde mbili na kuzima, au inajaa chembechembe za rangi huku sauti haipo. Fundi anaitwa, anabadilisha waya, anabadilisha tena. Mwishowe anauza kisanduku cha kugawa picha, nacho kinafanya kazi mpaka siku stima inapopotea. Ikirudi, weusi nao umerudi. Malalamiko haya utayasikia Milimani ya Kisumu, Mamboleo, Kiamunyi na Lanet kule Nakuru, na mara nyingi waya unaolaumiwa hauna kosa. Picha imekataa kupita kwa makusudi, kwa sababu kuna watu waliolipwa wahakikishe inakataa.

Wenye umri wa kutosha watasema zamani haikuwa hivi, nao ni kweli. King'amuzi cha zamani kilikuwa na tundu la antena la kutolea picha. Ulichukua waya wa dishi, ukaupitisha darini hadi chumbani, ukaitafuta chaneli kwenye televisheni ya pili, kazi ikaisha. Aliyetaka kubadilisha stesheni akiwa kitandani alinunua kijicho cha rimoti kilichorudisha amri kupitia waya ule ule. Picha ile ilikuwa ya analogi: mistari 576, rangi zikivujiana kidogo, lakini haikuwa na ulinzi wa maana. Yeyote aliyekuwa na tundu la antena aliipokea, na ungeweza kuigawa mara nne bila mtu kukuuliza. Soketi zile tatu za nyekundu, nyeupe na manjano nazo ni za ukoo huo. Hata leo, king'amuzi chenye soketi hizo kitakupa picha chumbani kupitia kwazo. Itakuwa picha ya hadhi ya zamani tu, na kwenye televisheni ya inchi 50 utaujua umri wake.

Mambo yalibadilika HDMI ilipoingia. Toleo lake la kwanza lilitoka Desemba 2002, likiwa kazi ya pamoja ya kampuni saba, zikiwemo Sony, Toshiba, Philips na Hitachi. HDMI hubeba picha ya dijiti isiyopoteza hata nukta moja, na wenye filamu na haki za mpira waliona hatari papo hapo. Kinachotoka kwenye tundu hilo ni nakala kamili, na anayeirekodi amepata bidhaa yenyewe. Sharti lao likawa kwamba picha isitoke wazi. Intel walikuwa tayari na jibu, mfumo uitwao HDCP, ambao toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 2000. Kampuni tanzu ya Intel ndiyo hutoa leseni na funguo kwa kila mtengenezaji wa televisheni, king'amuzi, resiva ya sauti au kisanduku cha kugawa picha.

Hapa ndipo pa kutua kidogo, maana karibu kila tatizo la televisheni ya pili linatoka hapa.

Ndani ya kila kifaa chenye leseni kuna namba za siri 40, kila moja ikiwa na urefu wa biti 56. Pamoja nazo kuna namba moja ya hadharani, ya biti 40, ambayo lazima iwe na moja ishirini na sufuri ishirini. King'amuzi kinapotaka kupeleka picha, kwanza kinatoa namba yake ya hadharani na televisheni inatoa yake. Kila upande unaitazama namba ya mwenzake na kuangalia ni nafasi zipi zina moja. Kisha unachukua namba zake za siri zilizo katika nafasi hizo ishirini na kuzijumlisha. Funguo ziligawiwa kwa hesabu maalumu, kwa hiyo jumla za pande zote mbili hutoka sawasawa ingawa hakuna siri yoyote iliyopita kwenye waya. Jumla hiyo ndiyo msingi wa kufunga picha kabla ya kutoka na kuifungua ikishafika. Kifaa kisicho na leseni hakina namba za siri, jumla yake haiji, na picha haifunguki.

Wala hawamalizani mara moja. Katika matoleo ya kwanza ya HDCP pande mbili hulinganisha hali zao kila baada ya fremu 128. Kwa picha ya fremu 50 kwa sekunde, hiyo ni takriban kila sekunde mbili na nusu. Ndiyo maana dalili ya kawaida ni picha inayowaka, inakaa kidogo, kisha inazima. Mtazamaji anadhani televisheni imeharibika, kumbe ukaguzi umefanyika na jibu halikufika sawa.

Mazungumzo haya yote hupita kwenye nyaya mbili nyembamba kati ya pini 19 za HDMI, tofauti na zile zinazobeba picha yenyewe. Nyaya hizo ni za mwendo mdogo, na waya ukiwa mrefu au wa hali ya chini zinaweza kuyumba. Fundi akipima waya na kuona umeme unapita pini zote, atakwambia waya ni mzima, na atakuwa amesema kweli bila kukusaidia.

Njia hiyo hiyo hutumika kwa jambo jingine. Televisheni hueleza kupitia hapo kwamba mimi naweza 720p, naweza 1080p, naweza 4K (viwango vya ukali wa picha, kutoka chini kwenda juu), sauti yangu ni stereo tu. Maelezo haya huitwa EDID, na king'amuzi huyafuata kuamua kitoe picha ya aina gani. Televisheni ikiwa moja, hakuna shida. Zikiwa mbili, kitamsikiliza nani?

Hapo ndipo spilita, kile kisanduku cha kugawa picha, inapoanza kusumbua. Kuna aina mbili sokoni, na moja si spilita hata kidogo. Ni kile kiunganishi chenye umbo la Y, kisicho na adapta ya umeme, kinachouzwa kwa bei ya soda chache. Kwa picha ya HDMI kwenda kwenye televisheni mbili kwa pamoja, hicho ni bure. Televisheni mbili zinajibu kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja, na king'amuzi hakielewi lolote. Spilita ya kweli ina adapta yake na chipu zake, na kwa kanuni za HDCP inahesabiwa kuwa kifaa cha kupokea na kutuma tena. Inajithibitisha kwa king'amuzi, inathibitisha kila televisheni iliyo nyuma yake, kisha inapeleka juu orodha ya namba za hadharani za zote. King'amuzi hulinganisha orodha hiyo na orodha ya vifaa vilivyopigwa marufuku, ambayo inaweza kuja pamoja na vipindi vyenyewe. Kwa kanuni za toleo la kwanza mnyororo huu unaruhusu hadi vifaa 127 na ngazi saba. Hesabu ya vifaa basi haiwezi kuwa tatizo la nyumba ya kawaida, ila kila ngazi inaongeza muda na mahali pa kukosea.

Kuhusu EDID, spilita nyingi za bei nafuu huchukua kiwango cha chini kabisa kati ya televisheni zote. Ukiunga televisheni ya inchi 55 ya sebuleni pamoja na ile ndogo ya jikoni inayojua 720p peke yake, basi sebuleni nako mtaona 720p. Nyingine huchukua maelezo ya tundu la kwanza na kuyapuuza mengine, na hapo ile ndogo ndiyo inakosa picha. Spilita nzuri ina swichi ndogo pembeni ya kuchagua kiwango. Kabla ya kununua, igeuze uitafute swichi hiyo. Ikikosekana, nisingeinunua.

Sasa turudi kwenye ile stima iliyopotea. Umeme ukirudi, king'amuzi, spilita na televisheni vinaamka kwa pamoja, kila kimoja kwa kasi yake. King'amuzi kinauliza kabla spilita haijawa tayari, spilita inauliza televisheni ambayo bado inajiwasha, na wote wanashindwa kutambuana. Baadhi ya vifaa hujaribu tena na tena, vingine hukata tamaa na kubaki vyeusi. Dawa haihitaji fundi: zima vyote ukutani, washa televisheni zote kwanza, subiri zitulie, washa spilita, king'amuzi kiwe cha mwisho. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya kushikilia king'amuzi na spilita inaondoa usumbufu huu kwa sehemu kubwa, na kwa umeme wetu wa magharibi mwa Kenya nisingeiita anasa.

Halafu kuna 4K. Ilipokuja, wenye maudhui hawakutaka kuendelea na kufuli lililokuwa limeshavunjika. Septemba 2010 ufunguo mkuu wa toleo la kwanza ulianikwa kwenye intaneti, na Intel wakathibitisha kuwa ni wenyewe. Udhaifu ulikuwa katika ile hesabu ya kujumlisha: ni hesabu nyoofu mno, na mtu akikusanya funguo za vifaa vya kutosha anaweza kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. HDCP 2.2, inayotumika na picha za 4K, iliachana na hesabu hiyo ikachukua mbinu nzito zaidi za kufunga siri, RSA na AES. Ikaongeza pia sharti la ujirani: kifaa cha upande wa pili lazima kijibu ndani ya milisekunde 20, kusudi picha isipelekwe nyumba nyingine kupitia intaneti. Mnyororo nao ukafupishwa hadi vifaa 32 na ngazi nne.

Kwa mwenye nyumba, maana yake ni hii. Kiungo kimoja cha zamani kinaharibu mnyororo mzima. Una televisheni mpya ya 4K na kisanduku cha 4K, lakini katikati umeweka resiva ya sauti ya mwaka 2011 isiyojua HDCP 2.2. Vipindi vilivyowekewa sharti kali havitapita hapo: ama utashushiwa hadi HD ya kawaida, ama utaona weusi. Na kifaa cha toleo la kwanza hakipandishwi daraja kwa kusasisha programu, chipu yake haiwezi. Suluhisho ni kukitoa katikati: kisanduku kiungwe moja kwa moja kwenye televisheni, sauti irudi kwenye resiva kwa waya mwingine.

Lazima tuseme pia juu ya vile visanduku ambavyo muuzaji anakunong'onezea kwamba hivi havina shida ya weusi. Ni kweli kwamba spilita kadhaa za bei rahisi hupokea picha iliyofungwa na kuitoa wazi upande wa pili. Ni kweli pia kwamba wengi huzinunua bila nia mbaya, wanataka tu kuona chumbani kitu walichokilipia sebuleni. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kukwepa kinga ya kiufundi kuwa ukiukaji, na haitofautishi chumba na sebule. Binafsi naona sheria inamkaba mtu asiyestahili hapa, maana mwizi wa kweli wa mpira hatumii spilita ya dukani. Hilo halibadilishi ilivyoandikwa. Kuna na sababu ya kawaida zaidi ya kutoitegemea: leo inapita, kesho king'amuzi kinasasishwa usiku na haipiti tena, na muuzaji hakumbuki kama aliwahi kukuuzia.

Umbali ni shida nyingine, nayo ina fizikia yake. Picha ya HD ya 1080p ikishakunjuliwa, yaani kutolewa kwenye mbano iliofika nao, na kutandazwa kwenye HDMI inahitaji takriban gigabiti 4.5 kwa sekunde. HDMI 2.0, kwa ajili ya 4K, inafika gigabiti 18. Waya wa shaba unachoka haraka kwa mwendo huo. Kwa 1080p, mita kumi hivi za waya mzuri zinapita bila matatizo, kumi na tano ni bahati. Kwa 4K kamili, baada ya mita tano anza kuwa na wasiwasi. Chumba cha juu katika nyumba ya ghorofa moja kinaonekana karibu, lakini waya unapanda ukuta, unazunguka dari na kushuka, na mita ishirini zimekwisha.

Njia ya kitaalamu ya kuvuka umbali huo ni HDBaseT, teknolojia iliyozinduliwa mwaka 2010 na Valens pamoja na LG, Samsung na Sony Pictures. Kisanduku kimoja kwa king'amuzi, kingine nyuma ya televisheni, na kati yao waya mmoja wa mtandao wa aina ya Cat6 unaoweza kufika mita 100 kwa HD. Picha hupita ikiwa bado imefungwa, na vifaa vingi hurudisha amri za rimoti pia. Mambo mawili huwaponza watu. La kwanza, waya wake unafanana na wa intaneti lakini hauwezi kupitia swichi ya intaneti, unatoka kisanduku hadi kisanduku. La pili, waya nyingi za Cat6 za bei ya chini madukani ni alumini iliyopakwa shaba, si shaba tupu. Kwa intaneti ya nyumbani hutaona tofauti sana, kwa HDBaseT utaiona. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe.

Zipo pia zile zinazobana picha na kuipeleka kwenye mtandao wa nyumbani kupitia swichi, mtumaji mmoja na wapokeaji wengi. Zinafaa, ila hutuma kwa kila mlango wa mtandao kwa wakati mmoja. Kama swichi yako haijui kuelekeza matangazo hayo kwa wanaoyahitaji tu, Wi-Fi ya nyumba nzima inasongwa na watoto watakuja kukuuliza kwa nini simu hazifungui kitu.

Mpaka hapa tumezungumzia namna za kusambaza picha iliyokwisha kukunjuliwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapokosea njia kabla hata ya kununua waya. Tazama tofauti. Filamu ya 1080p inapokuja kwa intaneti, Netflix wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde. Filamu hiyo hiyo ikishakunjuliwa na kuingia HDMI ni megabiti 4,500 hivi, karibu mara 900. Anayetaka kuwalisha watu wa nyumba tatu husafirisha unga, kila nyumba ikasonga ugali wake. Hasongi sufuria moja kubwa na kuibeba moto moto kuvuka uwanja. Picha ikisafiri ikiwa bado imebanwa na bado imefungwa, inapita kwenye waya mwembamba, inavuka ukuta, inafika mbali. Ufunguzi na ukaguzi wa HDCP unafanyika mwishoni, ndani ya televisheni yenyewe au kwenye waya wa nusu mita nyuma yake, mahali ambapo mara chache unashindwa.

Kwa stesheni za bure, jambo hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tangu Kenya ilipozima analogi mwaka 2015, stesheni za bure hurushwa kwa DVB-T2, mfumo wa dijiti wa kupokelewa kwa antena, na televisheni nyingi zinazouzwa siku hizi zina kipokezi chake ndani. Antena moja ya nje iliyoelekezwa vizuri, waya wa antena wa RG6, kigawanyi cha njia tatu au nne, kila televisheni inajitafutia stesheni zake. Hapo hakuna HDMI wala spilita, na kila mtu anatazama anachotaka. Kumbuka tu kwamba kugawa mara mbili kunampa kila mmoja chini ya nusu ya nguvu, na mara nne chini ya robo. Mahali ambapo mawimbi ni hafifu, nyuma ya vilima, utahitaji kikuza mawimbi, na kikae karibu na antena, si karibu na televisheni. Kukuza mawimbi yaliyokwisha kuchafuka njiani ni kukuza uchafu.

Dishi ni tofauti, na makosa yake ni mengi. Watu huchukua kile kigawanyi cha antena wakakiweka kwenye waya wa dishi, televisheni moja ikawa inapoteza stesheni kila nyingine inapobadilishwa. Sababu ni kwamba king'amuzi ndicho kinachoamuru LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Kikituma volti 13 kinaomba mawimbi ya wima, kikituma 18 kinaomba ya mlalo, na mlio wa kilohezi 22 unachagua bendi ya juu. Ving'amuzi viwili kwenye LNB moja ya kawaida ni mabwana wawili wanaotoa amri zinazopingana. Kinachotakiwa ni LNB yenye matundu mawili au manne, au ile aina mpya inayojua kuhudumia ving'amuzi kadhaa kwa waya mmoja.

Kwa DStv, utaratibu rasmi unaitwa XtraView: ving'amuzi viwili au vitatu chini ya akaunti moja, kwa ada ya ziada ya mwezi, kila kimoja na stesheni yake. Kutoka king'amuzi kikuu kunatoka waya unaopeleka ishara ya uthibitisho kwa vile vingine, na ishara ikikatika, kinachofuata nacho kinafunga duka. Wazo ni lile lile la ujirani tuliloliona kwenye HDCP 2.2: kampuni haitaki king'amuzi cha pili kikae kwa shemeji yako Bungoma. Ada inauma, sikatai. Ila ukijumlisha spilita, kebo ndefu, vikuza mawimbi na siku za fundi, tena ukaishia na nyumba nzima inayolazimika kutazama stesheni moja, hesabu inabadilika.

Kando kidogo, kwa wanaoshangaa mbona dishi zetu zinatazama juu hivi: satelaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki juu ya ikweta, na Nakuru iko nyuzi 36 mashariki, kusini kidogo tu ya ikweta. Satelaiti iko utosini. Kisumu tofauti ni ndogo sana. Kwa hiyo mti uliokua pembeni ya nyumba hausumbui, ila wingu zito la mvua lililosimama juu ya paa linakata picha, na hapo hakuna spilita ya kulaumiwa.

Upande wa intaneti, kanuni ni ile ile ila kufuli lina jina jingine. Programu za filamu kwenye vifaa vya Android hutumia Widevine, yenye ngazi: L1 ambapo ufunguzi hufanyika ndani ya sehemu salama ya chipu, na L3 ambapo hufanyika kwa programu tu. Netflix haitoi HD kwa kifaa cha L3. Ndiyo maana kisanduku kilichoandikwa 8K kwa herufi kubwa kwenye boksi kinaonyesha filamu yenye ukungu. Tatizo si kasi ya intaneti, ni cheti. Ulizia kifaa kilichoidhinishwa rasmi, si namba ya K iliyochapwa nje. Na wanaojaribu kuakisi skrini ya simu kwenye televisheni watakuta menyu inaonekana na filamu ni nyeusi. Tofauti yake ni kitufe cha kutupia, kile cha Chromecast, kwa programu zinazokiruhusu. Hapo simu haitumi picha hata kidogo, inaiambia televisheni ikachukue yenyewe, na televisheni inafungua kwa ufunguo wake.

Hesabu ya intaneti ni fupi: televisheni tatu za 1080p ni megabiti 15, moja ya 4K ni 15 peke yake. Angalia pia mpango uliolipia. Ule wa simu wa Netflix haufungui televisheni kabisa, wa Standard unaruhusu skrini mbili kwa wakati mmoja, Premium nne. Na ukuta wa mawe wenye zege juu yake unameza Wi-Fi ya gigahezi 5, kwa hiyo televisheni isiyohama ipewe waya.

Boma la kwetu lina swali lake. Tuseme ni Siaya au Kakamega: nyumba kubwa, nyumba ya nyanya, na simba, ile nyumba ya vijana, mita arobaini kuvuka uwanja. Mtu atakushauri uvute Cat6 au HDMI ya mita hamsini ukauzike. Usifanye hivyo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na waya wa shaba unaounganisha nyumba mbili zenye uthi (waya wa ardhini) tofauti wa umeme hukaribisha mshtuko hata radi ikipiga mbali. Tundu la HDMI ndilo la kwanza kufa, mara nyingi pamoja na ubao mzima wa televisheni. Kati ya majengo tumia faiba ya mtandao, ambayo ni kioo na haipitishi umeme, ukiwa na kibadilishi kidogo kila upande. Au tumia redio mbili za gigahezi 5 zinazotazamana. HDMI za faiba zinazouzwa hazikuokoi moja kwa moja, kwa sababu nyingi ndani yake zina nyaya za shaba kwa ajili ya yale mazungumzo ya mwendo mdogo. Mtandao ukishafika simba, vijana wanaingia na programu zao, na stesheni za bure wanazipata kwa antena yao wenyewe kwenye paa lao.

Nyumba ya kupanga, ya vyumba viwili huko Nakuru, haihitaji yote haya. King'amuzi sebuleni, waya mfupi, na televisheni ya chumbani iwe na antena na intaneti. Ukilazimika kuonyesha king'amuzi kimoja sehemu mbili na umbali hauzidi mita kumi, spilita yenye adapta na swichi ya EDID itatosha. Anayekodisha vyumba kwa wageni wa siku moja moja aangalie kwanza mkataba wake wa king'amuzi, kwa sababu ule wa nyumbani haufuniki biashara, na hilo halihusiani na waya.

Na kama bado unajenga, na ukuta haujapigwa plasta, wakati ndio huu. Kila mahali televisheni inapoweza kukaa, laza bomba la milimita 25 kutoka mahali pamoja patakapokaa rauta na swichi, na ndani yake Cat6 mbili za shaba tupu na RG6 moja. Acha kamba ya kuvutia ndani ya bomba, kwani aina ya waya utakaotaka baada ya miaka kumi hakuna anayeijua. Kona ziwe za mduara mpana. Bomba la umeme wa taa na soketi lipite njia yake, mbali na hili, hata fundi akisema kuchimba mara mbili ni kazi bure.